Sare ya Upande wa Pili

Wajukuu zangu wamenijia na kitabu na kalamu. Wanasema, bibi, weye ulikuwa mvaaji, tuambie mwanamke awe na nguo gani kabatini ili akitoka watu wajue katoka mtu. Nkawaambia haya, andikeni la kwanza: nguo usichaguliwe na mtu asiyekupenda. Wakacheka. Wamezoea nnawatania, nnamwigiza huyu, nnamwigiza yule, wakadhani na hili mzaha. Leo simo katika mzaha. Leo nna hasira ya miaka ile ya hamsini, haijapoa, na anayeniandikia asinipunguzie hata neno moja.

Mie kwetu Makunduchi. Mjini nliletwa na ndoa, mfalme yupo kwenye kasri lake, na hapo Michenzani penye majumba marefu palikuwa na vibanda vya makuti. Mume wangu alikuwa akipima karafuu bandarini, mtu mpole, mpole wa kukera. Kwao nyumba ya mawe, ghorofa mbili, nyuma ya Malindi, na ndani wanawake watatu: mama mkwe wangu, wifi yangu mkubwa aliyeachwa na mumewe akarudi kwao, na wifi mdogo aliyekuwa keshachumbiwa. Mie wa nne. Lakini kuwa wa nne ni kitu kimoja, na kuhesabiwa wa nne ni kitu chengine.

Basi nlikuwa nnataka jambo moja tu. Arusi ya wifi mdogo inakuja, na nlitaka siku hiyo nikae kwenye jamvi la watu wa nyumba, nimevaa sare yao, mtu akiuliza yule nani aambiwe yule wetu. Sikutaka dhahabu, sikutaka kusifiwa. Nlitaka jamvi.

Nyinyi siku hizi sare mnatumiana picha kwenye simu, mpaka mtu wa Maskati keshaiona. Zamani sare ilikuwa siri. Upande wa bibi arusi wana yao, upande wa bwana arusi wana yao, na kila upande unaificha kama dawa. Kitambaa kinakatwa kipande kidogo, kinafungwa kwenye leso, kinatembezwa nyumba kwa nyumba na mtu anayeaminiwa. Unakwenda nacho dukani, unanunua wari zako, ndizo yadi, unashona, unafunga kwenye kanga, unaweka. Siku wanayokuja wanawake wa bwana arusi na sanduku la nguo za bibi arusi, hapo ndipo pande mbili zinatizamana. Aliyependeza kapendeza. Na upande mmoja ukijua sare ya wenzao kabla ya siku, hiyo ni vita, maana watakuja na kitu cha kuwapiku, au na nyimbo za kuwatia aibu.

Sasa wifi yangu mkubwa. Mwanamke mrefu, mwembamba, anatembea kama anabeba glasi ya maji kichwani. Na sauti yake hii hapa, sikilizeni, inatokea puani halafu inashuka taratibu: "Mie nnakwambia kwa mapenzi, wifi." Hakuwahi kusema neno baya bila kulitanguliza hilo. Mie nnakwambia kwa mapenzi, miguu yako imepasuka. Mie nnakwambia kwa mapenzi, mchuzi wako wa kishamba. Akimaliza anavuta pumzi puani, mara moja, fyuu, kama kamaliza kula.

Juma la kwanza alinifungulia sanduku langu. Hakuomba. Alikaa chini, akalivuta, akatoa nguo moja moja kwa vidole viwili. Sanduku lile alinifungia mama yangu. Kanga doti nane, kila doti kaichagua mwenyewe, kaipitisha kidole kilicholowa mate kuona kama rangi inashika, kaiinua juani kuona kama nyuzi zimekaza. Buibui moja. Gauni mbili za shiti la maua. Kaniki ya kazi.

"Na hii nini?" Kashika kaniki.

"Ya kazi, wifi."

"Mie nnakwambia kwa mapenzi. Hii mjini tunapigia deki." Fyuu.

Akanipa somo. Mwanamke wa mjini, anasema, awe na buibui mbili, moja ya kwendea sokoni na moja ya kwendea kwa watu, na ile ya kwendea kwa watu mtu asiione sokoni hata kwa bahati mbaya. Awe na gauni moja ya atlasi, moja tu, lakini ikae mwilini kama kazaliwa nayo. Kanga za kuvaa ndani zisikae pamoja na kanga za kutokea. Viatu vyeusi kwanza, vyengine baadaye. Nguo zifukizwe udi siku moja kabla, si saa ile ya kutoka, maana ukifukiza saa ile unanuka moshi kama mpika maandazi. Na sandukuni kuwe na kikuba cha asumini na rehani, kikikauka kitolewe kiwekwe kipya.

Na linaloniudhi mpaka leo ni kuwa yote aliyosema kweli. Andikeni, yote kweli. Alikuwa anajua nguo. Angenifundisha vile vile bila ya kunitoa roho, ningemwombea dua kila Ijumaa. Badala yake doti zangu mbili nzuri akazichukua. "Hizi rangi zinakutia weusi, wifi, ntakuwekea mie." Akaniwekea mwilini mwake. Nimemwona nazo kwenye maulidi, kazifunga vizuri, rangi hazijamtia weusi hata kidogo.

Mama mkwe kakaa pale na tasbihi yake, anasikia yote, na sauti yake hii: nzito, taratibu, kila neno linakuja na punje ya tasbihi. "Msikilize... wifi yako... anakutakia... kheri." Nikamsikiliza. Kwani mie nnataka jamvi.

Arusi ikabakia kama mwezi. Nikaona mambo yameanza, wanawake wanaingia na kutoka, wanakwenda ghorofa ya juu chumbani kwa wifi mkubwa, mlango unafungwa. Nikipanda na chai, mazungumzo yanakatika, wananitizama kikombe hawanitizami uso. Nikajua hiyo ni sare. Nikangoja niletewe kipande. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikimuuliza mume wangu, anasema, na sauti yake hii, ya mtu anayesinzia: "Mke wangu, mambo ya wanawake mie siyawezi." Mambo ya karafuu alikuwa anayaweza, mpaka vumbi lake.

Siku moja, asubuhi nnachambua mchele uani, wifi akashuka. Akaja mpaka nilipo, akachutama karibu yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akatoa leso kifuani. Ndani ya leso kipande cha atlasi ya kijani, kijani kibichi cha jani la mgomba likichomoza, na vitone vya manjano. Roho yangu ikafurahi, msiulize.

"Mie nnakwambia kwa mapenzi, wifi. Hii hapa. Mwanamke wa mjini akipewa siri haulizi mara mbili. Usimwonyeshe mama, mama roho yake nyepesi, atakwambia usubiri. Na kwa yule fundi wetu usende, kazi zimemzidi. Nenda Mlandege, kashone huko, ufunge kwenye kanga, usiifungue mpaka siku yenyewe. Na ukiifungua uringe." Fyuu.

Nikambusu mkono. Andikeni na hilo, nlimbusu mkono.

Nikenda Darajani kwa Muhindi wa vitambaa. Yule alikuwa mtu wa furaha, Kiswahili chake kinapanda na kushuka kama anaimba. Nikamwonyesha kipande. "Aa, hii. Hii mali zuri, mama, naosha mpaka nakufa weye, rangi hapana toka. Arusi yenu kubwa sana, jora mbili nshauza." Nikavimba kichwa. Nikasema kimoyomoyo, ndiyo, arusi yetu kubwa. Yetu. Lau ningemuuliza swali moja tu, majora yamechukuliwa na nani, ningejua. Lakini nshaambiwa mwanamke wa mjini haulizi.

Hili mliandike kwa herufi kubwa kama kitabu kina nafasi: ukienda dukani, uliza. Uliza kitambaa kimetoka wapi, uliza nani kanunua, uliza kikirowa kinafanya nini. Muuza nguo anajua habari za mji kuliko mpiga ramli, na hakutozi kitu.

Fundi wa Mlandege kakaa barazani na charahani yake, pini mdomoni, akisema anasema kwa pembe moja ya mdomo. Akanipima. Nikamwambia nataka kiuno kikae juu kidogo, mkono ufike kiwikoni, chini iwe na marinda sita. Akasema, "Bibi, marinda manne yatatosha, weye mfupi, sita yatakumeza." Kasema kweli vilevile, na huyu hakunichukulia kanga. Mshoneshe kwa fundi anayekubishia. Anayekubali kila kitu hajakutizama.

Ile gauni nliijaribu mara moja, mlango nimefunga. Sikuwahi kuwa mzuri kama nilivyokuwa ndani ya nguo ile. Nnasema hivo mie niliyezaa sita na kuvaa mengi baadaye.

Siku ikafika. Wanawake wa bwana arusi wanakuja na sanduku baada ya sala ya alasiri. Tangu alfajiri mie niko uani, sufuria tatu za pilau, moshi, vitunguu, mama mkwe anaita kutoka ndani: "Tizama... moto... usichome." Wanawake wa nyumba wanakwenda kuvaa mmoja mmoja, mie naambiwa bado, malizia, bado, malizia. Ilipolia adhana ndipo nkaruhusiwa. Nikapanda mbio, nikaoga, nikajifuta moshi kwa sabuni mara mbili, nikavaa. Nikajipaka wanja. Nikasikia dufu kwa mbali, wageni washaingia kichochoroni. Nikaanza kushuka ngazi.

Ukumbi mzima waridi.

Mama mkwe waridi. Wifi waridi. Shangazi zao, majirani, watoto wa kike wa miaka sita, wote atlasi ya waridi na lesi nyeupe shingoni. Jamvi lote limejaa waridi kama sinia ya kashata za rangi. Na mie juu ya ngazi, kijani. Kisha wifi yangu akainuka, mkono kifuani, kajitia mshangao.

"Wifi. Mbona umevaa hivo?"

Nikamtizama. Mnajua mtu anavyokutizama anapongoja ulie? Ndivyo alivyokuwa. Na mama mkwe, tasbihi mkononi, hakushtuka. Hilo ndilo nliloliona. Wengine wote walishtuka, yeye hakushtuka. Kasema tu, "Nenda... kabadili."

Nibadili niende wapi? Dufu liko mlangoni. Wanawake wa bwana arusi wakaingia wanaimba, sanduku juu ya kichwa cha mwanamke wa mbele, na wote, wallahi, wote kijani. Kijani changu. Vitone vyangu vya manjano.

Hapo nikaelewa yote kwa pamoja. Wifi kaipata sare yao kwa njia zake, na kwa kuwa kaipata alitaka wajue kaipata. Lakini hakutaka kuivaa yeye. Alimvisha mpika pilau. Kama kuwaambia: nyinyi mmeficha mwezi mzima, na kwetu hii anavaa mtu wa jikoni. Kijembe chake alikishona juu ya mwili wangu. Na mie nimekilipia kwa doti mbili za kanga na busu la mkono.

Wimbo ukakatika. Aliyekuwa akiwaongoza wale, mama mmoja mnene, shangazi wa bwana arusi, akasimama katikati ya ukumbi. Sauti yake inatoka tumboni, ya kugombeza mbuzi. "Salaam alaykum. Tumekuja kwa kheri. Lakini hii nguo yetu imefikaje humu kabla yetu?"

Mama mkwe akajibu, "Huyo... wa shamba... hajui. Pengine... kaiona mahala... kaipenda."

Kaipenda. Kwa hiyo mwizi ni mie. Wanawake wa waridi wakaanza kucheka, mikono midomoni. Wa kijani hawakucheka. Mmoja nyuma akasema, "Basi kwao mpishi anavaa atlasi, wametajirika." Mwengine, "Mpishi kavaa atlasi yetu, sie tutavaa nini, masufuria?"

Yule shangazi akaninyooshea kidole. "Mwacheni aseme mwenyewe. Mwanangu, nani kakupa?"

Nlikuwa na njia mbili. Ningesema sijui, ningebaki mwizi lakini ningebaki wa nyumba ile, ningekaa pembeni ya jamvi baada ya miaka miwili mitatu, wakishasahau. Au ningemtaja. Na nikimtaja nani ataniamini? Mtoto wa Makunduchi, neno lake na neno la mtoto wa mjini.

Sikumtaja. Nikachutama pale pale, juu ya ngazi, kama alivyochutama yeye uani. Nikatia mkono kifuani. Nikaitoa sauti puani nikaishusha taratibu.

"Mie nnakwambia kwa mapenzi, wifi. Hii hapa. Mwanamke wa mjini akipewa siri haulizi mara mbili. Usimwonyeshe mama, mama roho yake nyepesi. Na kwa yule fundi wetu usende. Nenda Mlandege. Na ukiifungua uringe."

Nikavuta pumzi. Fyuu.

Kisha mtoto mmoja wa waridi, wa miaka sita, akasema, "Huyo shangazi," na akamnyooshea kidole wifi yangu kabisa. Ukumbi ukapasuka. Wa kijani walicheka mpaka sanduku likateremshwa chini lisianguke. Na wa waridi wakacheka, wale wale, maana hakuna hata mmoja ambaye wifi hakuwahi kumwambia jambo kwa mapenzi. Jirani mmoja kakaa chini anajifuta machozi na lesi yake, anasema, "Na pumzi. Kaipata mpaka pumzi."

Mie sikucheka. Nyinyi mkinisikia naigiza mnadhani ni raha tu. Siku ile nlikuwa na hofu mpaka marinda yote manne yanatetemeka.

Wifi kasimama, uso kama kaufuta mtu. Akasema, "Mwongo." Sauti ya kawaida kabisa, bila ya pua. Ndiyo mara pekee nliyomsikia akisema kwa sauti yake. Akapanda juu, na mlango ukafungwa, safari hii yeye peke yake ndani.

Nikashuka ngazi kwenda kwenye jamvi la waridi. Nilikuwa nshasema kweli, nimesafika, sasa nikae na watu wangu. Hivo ndivyo nlivyodhani, ujinga wangu ulivyokuwa. Nlipofika ukingoni hakuna aliyesogea. Wamenicheka na mie, wamefurahi na mie, lakini hakuna aliyesogeza goti lake hata kidogo nipate pa kukaa. Mama mkwe ananitizama. Wao wanamtizama mama mkwe.

Yule shangazi mnene ndiye aliyesema. "Mwanangu, njoo huku. Umevaa yetu, kaa kwetu." Wakajisogeza mara moja, nafasi ya watu wawili. Nikakaa kwenye jamvi la wageni ndani ya nyumba ninayolala.

Sanduku likafunguliwa. Nguo zikainuliwa moja moja zionekane: hariri ya Bara Hindi, buibui mbili, viatu vyeusi, doti za kanga, na kwa kila moja wanawake wanapiga vigelegele. Nilipiga na mie. Mwanamke wa pembeni yangu akanong'ona, "Kiuno hicho nani kakushonea? Changu kimekaa kama gunia." Nikamwambia fundi wa Mlandege. Akasema ntakwenda. Mazungumzo ya watu wa kawaida, ya jamvini. Ndiyo yale nliyokuwa nayataka mwezi mzima, nimeyapata kwa watu wasio wangu.

Katikati ya hayo mama mkwe akaniita. Jina langu, mara moja. "Njoo... upakue pilau." Mbele ya watu wote. Na nyinyi mnajua kwetu mkubwa akikuita ni naam, hata kama una mtoto kwenye ziwa, naam. Akaniita mara ya pili. Nikatizama sanduku. Mara ya tatu hakuita. Akainuka akaenda kupakua mwenyewe, na nikasikia mwiko unagonga sufuria kwa nguvu.

Mume wangu aliporudi magharibi keshaambiwa kila kitu, na kaambiwa na wao. "Mke wangu, umemwaibisha mama."

"Mie nimemwaibisha? Nani kaja na kile kipande?"

"Mambo ya wanawake mie siyawezi."

"Basi nipe ruhusa niende kwa wanawake ninaowaweza."

Asubuhi nikafunga sanduku langu, doti sita, nikarudi Makunduchi. Mama yangu alilipokea sanduku. Aliikunjua ile gauni ya kijani, akaigeuza ndani nje akatizama mishono, akasema, "Huyu fundi anajua kazi," akaikunja tena.

Ijumaa ya pili mume wangu akaja, kavaa kanzu iliyopigwa pasi, kabeba halua. Akakaa na baba yangu, wakazungumza mvua. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kunibembeleza, "Twende. Mama keshakusamehe."

Hapo ndipo hasira iliyonikaa mpaka leo ilipoingia. Ile ya ngazini ilikuwa hofu, ilipita. Hii haikupita. Nimesamehewa nini? Nimechukuliwa kanga, nimevishwa nguo ya fitina, nimeitwa mwizi mbele ya ukumbi, na mtu anasafiri mpaka kusini na halua kuniletea msamaha. Na yeye anaamini kabisa kaniletea zawadi.

Nikamwambia ntarudi kwako, sirudi kule. Upange chumba huko mitaa ya Ng'ambo, cha udongo, cha makuti, chochote. Akasema, "Na arusi zikija? Na maulidi? Watu watasema nini?"

Nikasema, "Ntakuja kama watu wengine wanavyokuja. Kwa mlango wa mbele."

Kapanga chumba. Na nlikwenda, kila arusi, kila maulidi, kila hitima, miaka na miaka, buibui ya kwendea kwa watu, gauni imefukizwa udi tangu jana yake. Mama mkwe alikuwa anainuka kunipokea, hana budi, mgeni mgeni. Ananishika mkono ananikalisha pahala pazuri. Kisha anapita na mrashi wa fedha, anawamiminia wageni marashi viganjani mmoja mmoja. Watu wa nyumba hawamiminiwi. Wao wanazunguka na masinia, wanaulizana kijiko kiko wapi, wanagombana kwa kunong'ona. Wifi zangu wote wawili wanapita mbele yangu wamevaa kanga za kazi, na mie nimekaa nimependeza, mikono imekaa bure mapajani.

"Karibu," ananiambia mama mkwe, na mrashi umeinama.

Nnakinga viganja. Marashi yanaingia, baridi, yananukia. Ninajipaka usoni, ninasema ahsante.